Manyemba Aliyempitisha Askofu Dirishani

Tulieni, watu wa Ng'hambala, wa Juu na wa Chini, acheni kugombania viti japo kwa muda huu mfupi, niwasimulie habari za aliyewajengea kanisa hili mnalonichosha nalo. Zama za mababu, lami ikiwa haijafika na mtaa wetu ungali pori la miiba nje ya mji, aliishi Manyemba binti Chilewa, wa ukoo wa wachimba visima, mwanamke mwenye mabega ya fahali, ambaye kila Jumapili alimbeba mgongoni mama yake asiyeweza kutembea, Bibi Matika, mwendo wa saa tatu hadi kanisa la mjini, na saa tatu kurudi.

Mama alipozidi kudhoofika alisema, "Mwanangu, safari siiwezi tena. Natamani nishiriki Meza ya Bwana hapa hapa kwetu, kabla sijafumba macho."

Manyemba akawaendea wazee wa kanisa. Kiwanja walikuwa nacho mwaka wa saba sasa, lakini wa Juu walitaka mlango utazame mlimani, wa Chini wakataka utazame bondeni, na kila kikao kilizaa kikao kingine. Aliwasikiliza kutwa nzima, kisha akasimama. "Jadilianeni," akasema. "Mimi naenda kukanda udongo."

Akakanda, akafyatua matofali, akainua kuta peke yake, shujaa asiyejua kuketi. Na boriti ya mninga, iliyowashinda wanaume kumi na wawili kwa kuwa hawakuafikiana nani ashike mbele, aliitwaa begani akaipandisha. Akaweka milango miwili, mmoja wa mlimani, mwingine wa bondeni, akidhani amemaliza ugomvi.

Thubutu! Siku ya kuweka wakfu, Askofu alisimama juani, wa Juu wakimvuta joho huku, wa Chini wakimvuta kule.

"Baba Askofu, ingilia kwetu!" walisema wa Juu.

"Kwao kuna nini? Pita huku!" wakajibu wa Chini.

Manyemba akachungulia dirishani, akamwona mama yake, aliyemlaza ndani mkekani mapema, akihema kwa shida. Akanguruma, "Mtaniulia mama kwa milango yenu!" Akamnyanyua Askofu, na kofia yake na fimbo yake, akampitisha dirishani. "Niwie radhi, Baba. Mama yangu hana muda."

Askofu hakukasirika. Akaliweka wakfu kanisa kwa maneno machache, akaubariki mkate, akapiga magoti mkekani, akamlisha mgonjwa kwa mkono wake. Bibi Matika akatabasamu, na kabla jua halijatua akafariki.

Manyemba akamzika. Kesho yake wazee wakaitisha kikao wakubaliane ni upande upi utangulie kumshukuru. Walipomaliza, siku ya tatu, nyumba yake ilikuwa tupu. Nyayo zilielekea vilimani, wala hakuna aliyemwona tena.

Leo tuna lami, spika, maegesho ya magari, na kwaya mbili zisizoazimana hata kinanda. Lakini kila mchungaji mpya, awe mzee, awe mnene, huingizwa kwa dirisha lile, na siku hiyo, mtake msitake, mnamshika pamoja, wa Juu mabega, wa Chini miguu, asianguke.