Kigelegele Kilichonaswa na Kamera Tatu

Wewe unayesoma haya, kabla hujamtumia mwenzako kwa simu, jua kwamba mimi sikuhadithiwa. Niliyaona kwa macho yangu, na si mawili tu: siku hiyo nilikuwa na jicho la tatu, la kamera. Hapa Korogwe ukitaka harusi yako ionekane ya kitajiri hata kama pilau limeungua, unaniita mimi. Uliza mtu yeyote.

Harusi yenyewe ilikuwa ya Mwajabu, binti wa Mzee Mhina. Tulitega kamera tatu. Ya kwanza ilimfuata bibi harusi. Ya pili niliishika mimi, nikizunguka kwa waalikwa. Ya tatu ilisimama peke yake kwenye stendi karibu na spika, imeelekezwa meza ya wazee. Na ujue, binadamu hujikaza mbele ya mpiga picha, lakini mbele ya kamera isiyo na mtu hujisahau.

Siku chache baadaye Mzee Mhina alikuja studio. Studio ni ya Stamili, dada mmoja mpole ambaye kazi yake ni kuzikata picha zetu na kuziunga ziwe video moja. Nilikuwa nimekaa pale namwelekeza kazi, ingawa yeye husema nilikuwa nakunywa chai yake.

Mzee hakukaa. Alinyoosha bakora kwenye kioo cha kompyuta.

"Huyo mwenye kanga ya kijani, aliyekaa na wapishi. Mtoe."

"Nimtoe wapi, baba?"

"Kila anapoonekana. Alhamisi nimealika watu waje kwangu kutazama, kabla Mwajabu hajaenda na mumewe kule Mpanda. Sitaki yule mwanamke aonekane ndani ya nyumba yangu."

"Kwani ni nani?"

Mzee aligeukia mlango. "Dada yangu," akasema, akaondoka.

Basi nikamsimulia Stamili, maana habari za mji huu ninazo zote. Mama yake Mwajabu alifariki mtoto akiwa bado anatambaa. Aliyemlea ni huyo shangazi, Bi Mwantumu. Mtoto alipofikia umri wa shule, Mzee Mhina akaenda kumchukua. Bi Mwantumu akasimama mlangoni, mkono kiunoni, majirani wanatazama, akamwambia mdogo wake: "Humpati mpaka ujue kumsuka. Unataka mtoto aende shule kichwa kama kiota?"

Majirani walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Mhina mtoto alimpata, wazee walisuluhisha, lakini kile kicheko hakukisamehe. Alimwambia dada yake haji kwake tena, na kweli hakukanyaga, na kwenye harusi hakumwalika. Yule mama aliingia kwa mlango wa jikoni, kabeba sinia kama mpishi.

Stamili akasikitika. "Sasa Mwajabu anakwenda mbali, na video hii ndiyo atakayobaki nayo. Atamtafuta shangazi yake asimwone."

"Mwenye shughuli ndiye msemaji," nikamwambia. "Wewe kata."

Lakini kabla ya kukata ilibidi azipange kamera. Usiyeijua kazi hii nikueleze. Kamera tatu ni kama mashahidi watatu, kila mmoja anaanza kusimulia pale anapotaka. Usipozipanga ziende pamoja, emsii, yule mshereheshaji, anafungua mdomo sasa, sauti inakuja akishakaa. Ndiyo maana kabla ya shughuli mmoja wetu hupiga kofi moja kubwa. Kamera zote zinalisikia, na mwenye kuunga picha anazifunga pamoja kwa kofi hilo. Siku ile gari la bibi harusi liliwahi kufika. Kofi halikupigwa.

"Tafuta sauti nyingine iliyosikika kote," nikamshauri. Huo ushauri ulikuwa wangu, asije mtu akakwambia vingine.

"Muziki umeziba kila kitu."

"Na pale umeme ulipokatika?"

Stamili akaacha chai yake. Ni kweli, Mwajabu alipokanyaga tu mlangoni mwa ukumbi, umeme ulikatika. Muziki ukafa. Watu wakabaki wanatazamana kwa aibu, emsii anakigongagonga kipaza sauti kama anayeamsha mgonjwa. Ndipo upande wa wapishi kikapanda kigelegele. Kimoja tu, kirefu, kikipanda na kushuka, kikavunjika kidogo mwishoni. Kamera zote tatu zilikisikia.

Stamili akazifunga kamera kwa kigelegele hicho. Kisha akaziweka zote kwenye kioo, dirisha kando ya dirisha, zitembee pamoja. Tukatazama. Akarudisha nyuma, tukatazama tena.

"Mpigie mzee simu," akasema.

Mzee Mhina akaja, uso kaukunja. "Umeshamtoa?"

"Bado, baba. Kaa kwanza."

Safari hii akakaa. Kwenye dirisha la kwanza alikuwa Mwajabu, kainamisha uso kama alivyofundwa, kwani bibi harusi wa kwetu akionyesha meno watasema alikuwa na haraka. Kigelegele kikapanda. Mwajabu akainua kichwa, akatafuta huku na huku, kisha akatabasamu, macho yanamlengalenga.

Kwenye dirisha la pili alikuwa Bi Mwantumu, kasimama katikati ya wapishi, kiganja mdomoni.

Kwenye dirisha la tatu palikuwa na mzee mmoja wa kofia, kainama, anajifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha meza.

"Na huyo nani tena," Mzee Mhina akafoka, "analia kwenye harusi ya mwanangu?"

"Ni wewe, baba."

Mzee akasogea karibu na kioo. Akatazama muda mrefu. Alipozungumza, sauti haikuwa ile ya bakora.

"Siku Mwajabu anazaliwa nilikuwa nje, uani. Mama yake aliteseka sana. Mimi nilishaanza kujiandaa kwa habari mbaya. Kilichoniambia mtoto katoka mzima ni kigelegele. Kilekile. Dada ndiye aliyekipiga."

Stamili akamwambia taratibu, "Kumtoa naweza, baba. Mashine haikatai. Ila nikimtoa, Mwajabu atakuwa anamchekea nani? Na wewe utakuwa unalia nini?"

Mzee akainuka, akatafuta mlango kama mgeni. Pale kizingitini akasema bila kugeuka, "Mwache. Na Alhamisi msiilete kwangu. Ipelekeni kwa dada."

Alhamisi ikafika. Televisheni niliibeba mimi, na ilikuwa nzito. Mzee Mhina alisimama mbele ya mlango wa Bi Mwantumu, mbele ya majirani walewale, akakohoa.

"Hodi, dada."

"Nani?"

"Mimi, Mhina."

"Mhina yupi? Wa kwangu aliniambia haji."

"Huyohuyo, dada. Amekuja."

Kisha tukasikia, "Ingia basi, unanijazia nzi."

Tukakaa kutazama. Unajua video ya harusi inavyotazamwa, kila mtu anajitafuta mwenyewe: "Mimi huyo! Ona nilivyokula!" Ikafika pale umeme ulipokatika, na Stamili alikuwa ameyaacha madirisha yote matatu yaonekane pamoja. Kigelegele kikapanda. Mwajabu, aliyekuwa amekaa nasi pale, akamlalia shangazi yake begani. Lakini Bi Mwantumu hakujitazama mwenyewe wala hakumtazama bibi harusi. Alimwona yule mzee wa kofia.

Akamgeukia. "Kumbe ulinisikia, mdogo wangu."

Nimesema niliyaona yote, na niliyaona. Ila hilo neno la mwisho nimelitunga mimi. Bi Mwantumu hakusema kitu. Alichukua pindo la kanga yake akamfuta mdogo wake machozi, kisha wakaendelea kutazama. Lakini kimya hakitumiki kwa simu, nami nilitaka kikufikie.

Funzo: Unayetaka kumkata katika maisha yako, mtazame kwanza kwa macho ya wengine, huenda ukajiona na wewe umo, unamlilia.