Nyenje na Mkataba wa Kinywa

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa sauti, mwenyewe tumsikie!

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa hili: Nyenje alikaa mlangoni kwake akala jani la mchicha, na alipomaliza akaimba. Kri-kri-kri! Kisha akanyamaza kidogo, kwa kuwa hapo ndipo mkewe marehemu alipokuwa akiitikia kwa kugonga mguu. Kisha akaendelea. Kri-kri-kri!

Ndipo Fisi akapita.

Fisi alikuwa na gogo kubwa lenye uwazi ndani. Ukiimba humo, sauti hufika ng'ambo ya mto. Lakini kila aliyeimba humo alitia kwanza alama ya mguu kwenye jani la mgomba, na tangu siku hiyo nyimbo zake zilikuwa za Fisi. Chiriku alitia alama bila kusoma. Sasa huomba ruhusa kuwabembeleza makinda yake mwenyewe.

"Mdogo wangu," Fisi akasema, "wimbo wako mtamu, ila una pengo katikati. Nitaliziba kwa ngoma. Du! Du! Du! Tia alama hapa."

Nyenje akalitazama jani. "Nisomee kwanza, kaka."

"Wasanii hawasomi, wanaimba!"

"Mimi mdadisi tu, kaka. Ugonjwa wa ukoo."

Fisi akasoma: "Kila wimbo utokao kinywani mwa Nyenje ni wangu, leo na milele."

"Kinywani?"

"Kinywani!"

"Na miayo je?"

"Yangu!"

"Na kikohozi?"

"Changu!" Fisi akameza mate. "Na kwikwi, na mluzi, na kucheua. Vyote vyangu!"

"Hakuna mahali pengine unapopataka?"

"Wimbo utoke wapi tena, wewe? Masikioni?"

Nyenje akamwita Korongo awe shahidi, akaomba nakala yake, akatia alama. Pa!

Siku ya onyesho wanyama walijaa tele. Nyenje akaingia gogoni, akafumba kinywa, akasugua mbawa. Kri-kri-kri! Kisha akanyamaza. Fisi akainua fimbo apige ngoma.

"Usiguse, kaka. Huu si wako."

"Si wangu? Una wazimu?"

Korongo akafungua nakala, akarefusha shingo, akachungulia gogoni. "Kinywa kimefumbwa," akasema. "Anaimba kwa mbawa. Humu mbawa hazikutajwa."

Fisi akamtazama Nyenje kwa mara ya kwanza, akaona mbawa.

"Lakini haki yako siidhulumu, kaka," Nyenje akasema, akasogea karibu, akamcheulia. Bweu!

Wanyama wakacheka hadi wakakaa chini. Kisha Nyenje akarudia wimbo wake tangu mwanzo, na pale pa kunyamaza hakuna aliyegusa ngoma.

Asubuhi yake kulikuwa na foleni mlangoni kwake, kila mmoja na jani lake la mgomba. Wa kwanza alikuwa Chura. Nyenje akafuta umande kwenye jiwe, akamketisha.

"Kabla sijasoma, ndugu yangu, wewe unaimba kwa kutumia nini?"

"Kwa kinywa."

"Alaa," Nyenje akasema. "Basi tutasoma polepole."

Funzo, wasikilizaji: wasanii, msisome mikataba. Mtawaudhi mafisi, na mafisi nao wana moyo.

Ngano yangu imekomea hapa. Aliyeisikia aende nayo, asitie alama popote.