Digali Lililobana

Wametupokeza waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa bara, wenye kuta ndefu na visima vichache, alikuwako fundi mcha Mungu aitwaye Numani bin Shaddadi. Kazi yake ilikuwa kutoboa madigali ya kiko. Digali ni ule mti mrefu wenye tundu, upitishao moshi kutoka kwenye bori, kile kikombe cha tumbaku, hadi mdomoni mwa mvutaji. Juu ya tumbaku yenyewe wanavyuoni wamesema mengi, na wewe msomaji bila shaka unayo ya kwako. Tuyaache, maana kisa hiki hakimhusu mvutaji bali fundi.

Digali refu halitobolewi kwa upande mmoja. Fundi huanza ncha hii kwa kekee, chombo chake cha kutobolea, mpaka afike nusu, kisha huligeuza akaanza ncha ya pili, na matundu mawili hukutana katikati, mahali ambapo jicho halifiki. Yakipishana japo kidogo, hubaki kishingo chembamba ndani ya mti. Ndiyo maana ilikuwa desturi ya mafundi kupitisha waya wa shaba wenye kitambaa, ncha hadi ncha, kabla ya kumkabidhi mtu mali yake. Numani aliishika desturi hiyo miaka thelathini. Lakini siku aliyomaliza digali la Wali wa mji, la mti wa yasmini, adhana ya alasiri ilimkuta angali na kekee mkononi. Naye alikuwa mtu wa safu ya kwanza. Mji mzima ulimjua kwa hilo, na yeye, Mungu amsamehe, alipenda kujulikana. Basi badala ya kupitisha waya, alipuliza tu. Pumzi ilipita kwa kubana. Akajiambia kwamba moshi ni mwembamba kuliko pumzi, akamkabidhi digali mtumishi aliyekuwa akingoja, akaenda mbio msikitini. Na safu ya kwanza aliipata.

Ikapita miezi mitano. Wali huyo, Dhirghamu, alikuwa mtu ambaye watu walishusha sauti wakipita karibu na ukuta wa nyumba yake. Kiko chake kilisafishwa kila asubuhi na mjakazi aitwaye Rumaisa, mjane wa makamo asiye na mtu. Jumamosi moja Wali alivuta, moshi ukakataa, akavuta kwa nguvu zake zote, na donge jeusi la masizi ya tumbaku likamruka kooni. Alitapika hadi akazimia. Tabibu wake, aliyeogopa kusema hajui, akasema ni sumu. Rumaisa akakamatwa pale pale. Aliapa kwamba tangu siku ya kwanza waya wake haukupata kupita nusu ya digali, na kwamba alipomweleza msimamizi wa nyumba, huyo alimkemea tu. Wali, akiwa bado amelala kitandani, akauliza ni nani aliyelitoboa. Wakamwambia ni Numani.

“Yule wa safu ya kwanza?” akasema. “Mkono wa mtu yule haukosei. Basi mwongo ni wewe.”

Digali likatiwa sandukuni na kupigwa muhuri, asiliguse mtu. Ikaamriwa mwanamke apigwe mijeledi kila siku mpaka akiri, na kama hakukiri, Jumatano adhuhuri akatwe shingo.

Habari hizi zilimfikia Numani jioni ile ile kupitia kwa muuza maji, aliyezisimulia kwa furaha na kumpongeza kwa namna Wali alivyolitaja jina lake. Numani alishukuru. Muuza maji alipoondoka, akafunga mlango wa duka na kukaa chini kwenye vumbi la mbao. Pumzi ile iliyobana alikuwa akiihisi midomoni kama vile amepuliza sasa hivi.

Alimwogopa Wali, na hofu yake haikuwa ya bure. Mwaka uliotangulia, mtengeneza hatamu mmoja aliuza hatamu iliyomkatikia Wali njiani. Fundi yule alizikwa bila viganja, na Numani alikuwa mmoja wa walioosha maiti yake. Alijua vizuri jinsi mikono ile ilivyokuwa. Na mti ungali kwenye sanduku, tundu lake halionekani, hakuna kiumbe awezaye kujua kilichomo ila yeye na Muumba wake. Akinyamaza, atabaki mzima na jina lake zuri.

Akanyamaza. Jumapili alifungua duka, akalifunga kabla ya kutoboa mti wowote. Jumatatu alinuia saumu, akasema Mwenyezi Mungu ataidhihirisha haki kwa mkono autakao. Jumanne alishinda msikitini angali na saumu, na kila aliyempa mkono alimsifia uhodari wake. Kila aliposujudu alitega sikio kuelekea nyumba ya Wali, ambayo haikuwa mbali, akiogopa kusikia kilio. Siku hiyo alikisikia.

Mkewe, Bi Lubaba, alimwona amerudi kabla ya magharibi, uso umepauka, ameketi mbele ya tende za kufuturia bila kuzitazama. Akamwuliza ana nini. Numani akamwambia yote, na mwisho akaongeza kwamba anafikiri kusafiri kwenda kuzuru makaburi ya wema, na kwamba Mungu hamtupi mja wake aliyedhulumiwa. Bi Lubaba alilia kwanza. Alikuwa mwanamke mwoga kama mumewe, na hakuona haya kuwa hivyo.

“Siwezi kukwambia nenda, Bwana,” akasema alipopata sauti. “Ukifa nitabaki peke yangu. Lakini usiniambie kwamba unamngojea Mungu. Mungu amekwisha kukujulisha wewe.”

Jumatano asubuhi Numani alikoga, akavaa nguo zake nyeupe, akachukua waya, chupa ya mafuta ya ufuta na tupa ndefu nyembamba, akatoka. Njiani aligeuka kurudi mara mbili. Mara ya pili alifika hadi mlangoni kwake, akasimama na mkono juu ya komeo, kisha akashika tena njia ya kwa Wali. Wasimulizi wengine hulificha hilo ili wampambe. Mimi silifichi, kwa kuwa hatua za mtu anayeogopa zina thawabu zake. Bawabu alipomwuliza amefuata nini, alijibu kwamba amekuja kutengeneza digali.

Wali alimsikiliza bila kumkatiza. Uani, chini ya dirisha, zulia la ngozi la kukatia shingo lilikwisha tandikwa, na mwenye upanga alikuwa akinywa kahawa. Numani alieleza juu ya matundu mawili, na adhana, na pumzi iliyobana. Alijichanganya, akalazimika kuanza upya.

“Unajua kwamba ukithibitisha hayo, zulia lile ni lako?” akauliza Wali.

“Najua, mheshimiwa. Naogopa hata sioni vizuri. Lakini yule mama hana kosa.”

Wali akaamuru sanduku lifunguliwe. Akamwambia Numani alitengeneze digali pale pale, mbele ya macho yake. Likipanuka na waya ukapita, watajua la kufanya. Likipasuka, watajua alikuja kuharibu ushahidi, na watakufa wawili. Rumaisa akaletwa, akakalishwa ukutani. Hakuweza kuegemea kwa sababu ya mgongo wake. Alimtazama fundi mikono tu, wala hakumtazama usoni.

Numani akapitisha waya, ukakwama nusu, kama mwanamke yule alivyokuwa akisema kwa siku nne. Akapitisha kutoka ncha ya pili, ukakwama vile vile. Yasmini kavu, iliyokolea masizi, hupasuka kwa jambo dogo. Akamimina mafuta ndani kwa tone moja moja, akaweka kidole kwenye ncha, akangoja. Jua likapanda. Mwenye upanga akamaliza kahawa yake na kusimama mlangoni. Wali akamhimiza afanye upesi, adhuhuri imekaribia.

“Haraka ndiyo iliyotufikisha hapa, mheshimiwa,” akasema Numani, na mwenyewe akashtuka kusikia amesema.

Akaingiza tupa, akaizungusha robo duara, akaitoa, akaifuta, akairudisha. Jasho lilimwingia machoni asithubutu kulipangusa. Mti ulilia mara moja, mlio mdogo, na watu wote barazani wakaacha kupumua. Haukupasuka. Akaendelea vile vile, robo na robo, mpaka mkono ukahisi njia imefunguka. Ndipo akapitisha waya, ukatokea upande wa pili na donge jeusi kwenye kitambaa chake.

Tabibu akasema haraka kwamba hiyo ndiyo sumu. Wali akamtazama Numani. Akamnyooshea kidole, kisha akakielekeza kwenye donge. Numani akasoma shahada, akachukua kipande kwenye donge lile, akakitia mdomoni. Alitapika mpaka akaanguka, akapiga magoti, akatapika tena. Walimngojea afe. Saa moja baadaye alikuwa amelazwa uani akiwa mweupe kama nguo zake, lakini anavuta pumzi na kuomba maji.

Ndipo Wali akasema kwamba katika nyumba hii wote humdanganya kwa ajili ya hofu, na huyu ndiye wa kwanza kumwambia kweli akiwa na hofu. Akaamuru zulia likunjwe na mwanamke aachwe huru.

Rumaisa alitoka kwa kujikongoja. Alipompita Numani pale chini, fundi alishika upindo wa kanga yake, akamwomba radhi. Yule mama akasimama.

“Ulipata habari lini?” akauliza.

“Jumamosi, jioni.”

Akafikiri. “Mijeledi ya Jumamosi nimekusamehe,” akasema, “maana walinipiga mchana, nawe ulikuwa bado hujajua. Ya Jumapili, Jumatatu na Jumanne, niache kwanza.” Akaenda zake.

Watu humsifu Numani kwa kisa hiki, na anastahili, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wengi wetu tusingefika hata kwenye lango lile. Lakini yeye mwenyewe, wanasema, hakupenda kisimuliwe mbele yake. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila aliposifiwa ukweli wake aliuliza ni wa siku gani. Sijui kama yule mama alipata kumwachilia zile siku tatu, na sitabuni. Najua tu kwamba kweli tunayoichelewesha, yuko mtu anayeilipia kwa mgongo wake. Ewe Mola, tujaalie tuiseme mapema, hata kama tunatetemeka.