Wakalimani Wawili na Nyoka wa Tukuyu

Hapo zamani, si ile zamani ya sungura na fisi, hii ya juzijuzi, digrii zilipokuwa nyingi kuliko viti vya ofisini, palikuwa na vijana watatu waliosoma Kifaransa chuo kikuu.

Walisoma langue et civilisation, yaani lugha na utamaduni. Wakajua majina ya wafalme waliokatwa vichwa. Wakajua divai ipi huenda na jibini ipi, na huku kantini walikula wali maharage. Wakajua wakati uliopita ambao Wafaransa wenyewe wameacha kuutumia wakiongea. Kisha wakavaa majoho, wakapigwa picha, wakaambiwa félicitations, yaani hongera, wakarudi makwao.

Sekela alirudi Tukuyu kuchuma chai kwenye shamba la mama yake. Bonjour, chai. Chai haikuitika.

Mwombeki alirudi Bukoba, akaona Bukoba haina Mfaransa. Akahamia Mbeya, akaona Mbeya nayo haina.

Ambakisye hakuvaa joho. Alifeli mwaka wa pili, akarudi mapema, na kwa hiyo alikuwa na uzoefu mkubwa zaidi wa kukosa kazi kuliko wenzake.

Basi binti mmoja wa Tukuyu, Tupokigwe, binamu yake Ambakisye, akapata mchumba kutoka Lubumbashi, huko Kongo. Ikaja habari kwamba upande wa kijana unakuja kuposa. Baba mkubwa wa binti, Mzee Mwaijande, akajiweka sawa kitini.

"Wakongo huongea Kifaransa," akasema. "Nyumba yangu haitaaibika. Mgeni mzito hutafsiriwa."

Akaita wakalimani wawili. Sekela apokee Kifaransa cha wageni, akigeuze Kiswahili. Mwombeki apokee Kiswahili cha wenyeji, akigeuze Kifaransa. Ambakisye akapewa birika la kunawisha watu mikono.

Kijana mwenyewe, kwa desturi, hakai kwenye kikao cha posa. Alibaki garini. Binti alibaki jikoni. Na katika nyumba nzima hakuna aliyejiuliza wale wawili walitongozana kwa lugha gani.

Wageni wakaingia. Mbele alikuwa Papa Nkulu, baba mdogo wa kijana, mwenye malori ya kuvuka mpaka wa Tunduma, na suti ya rangi ya bilinganya. Nyuma yake mkewe, Mama Nkulu. Papa Nkulu akawatazama wakalimani, akasema kwa Kifaransa kizito. Sekela akatafsiri kama ilivyo:

"Anasema barua zake zote za Lubumbashi ni za Kifaransa, na ofisi yake ya Tunduma ina kiti kitupu. Kijana atakayeifanikisha siku hii, kiti ni chake."

Sekela alipomaliza kutafsiri, alipiga hesabu. Miaka minne ya chuo, miaka mitatu ya chai, na sasa kiti. Kiti chenye meza! Akamkumbuka mwalimu wake aliyekuwa akisema, mkalimani ni bomba: maji machafu yakiingia, yatoke machafu. Akaapa kuwa bomba.

Chakula kikaletwa: ndizi zilizopikwa na nyama, na maziwa ya mgando. Papa Nkulu akazitazama zile ndizi.

"Chez nous, ça, on le donne aux malades."

Sekela akatafsiri kama ilivyo. "Anasema kwao chakula hiki hupewa wagonjwa."

Shangazi Subilaga, dada yake Mzee Mwaijande, aliyekesha akimenya ndizi hizo, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Mwambie kwetu hata wagonjwa wana shukrani."

Mwombeki hakupepesa jicho. Akatafsiri kama ingefaa iwe, kwamba mama anamtakia mgeni afya njema sana. "Madame vous souhaite une très bonne santé."

"Merci," akashukuru Papa Nkulu.

Kikao kikaenda hivyo. Wageni wakitupa jiwe, Sekela analifikisha jiwe. Wenyeji wakirudisha jiwe, Mwombeki analifikisha ua. Wageni wakataka harusi ifungwe Lubumbashi, kwa sababu Tukuyu mvua haina adabu. Sekela akafikisha mvua na adabu yake. Mzee Mwaijande akasimama.

"Mwambie mlango wa nyumba hii unaingiza watu, na unatoa watu."

"Il dit que notre maison vous est grande ouverte," akasema Mwombeki, yaani nyumba yetu iko wazi kabisa kwenu.

"Merci," akasema Papa Nkulu, na shingo ilikuwa imeanza kumvimba. Mwombeki akadhani ni tai.

Kisha Papa Nkulu akasema neno moja refu. Sekela akalisikia, akatamani kuwa chai. Nyuma ya mlango wa jikoni aliona kidole cha mguu cha Tupokigwe. Akatamka polepole:

"Anasema, kama binti ana ulimi wa shangazi yake, itabidi wakafikiri upya."

Mzee Mwaijande akachukua kofia yake, jambo la ajabu, maana nyumba ilikuwa yake. Shangazi akaanza kuondoa sahani. Jikoni mtu akaanza kulia.

Hapo Ambakisye akaweka birika chini. Alikuwa amesimama pembeni muda wote na taulo begani, na alikuwa ameona jambo. Shangazi aliposema habari ya wagonjwa na shukrani, Mama Nkulu aliuma mdomo asicheke, kabla Mwombeki hajafungua wake.

Ambakisye akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nyoka huyo. Chini ya kiti cha Papa."

"Attention, un ser—" Mwombeki akaanza. Hakumaliza. Papa Nkulu alikuwa amesimama juu ya kiti. Mama Nkulu alikuwa juu ya kochi, viatu mkononi.

"Iko wapi?" akapiga kelele Papa Nkulu. "Nyoka iko wapi?"

Nyoka hakuwepo.

"Kumbe baba unajua Kiswahili," akasema Shangazi.

"Sisi bote tunasemaka Kiswahili, Mama. Balituambia batu ba Tanzania banachekaka Kiswahili yetu. Njo maana tukasema Kifaransa."

Shangazi akakaa taratibu. "Kwa hiyo ile ya wagonjwa uliisikia?"

"Niliisikia mara mbili, Mama. Ya Kifaransa ilikuwa nzuri zaidi."

Aliyeanza kucheka ni Mama Nkulu. Kisha Shangazi. Kisha Mzee Mwaijande akaitundika kofia yake. Wakazungumza Kiswahili, hiki na kile, na posa ikakubaliwa kabla ndizi hazijapoa. Papa Nkulu akala. Akaongeza. Hakuonekana mgonjwa.

Hapo Sekela akasimama, maana njaa haina aibu.

"Papa, kiti ni changu. Niliapa nitasema ulichosema, nikasema. Lori lako likipinduka, nitakwambia limepinduka. Huyu Mwombeki atakwambia limelala kupumzika."

"Kiti ni changu," akasema Mwombeki. "Dada Sekela alisema kweli, na kweli yake ikamfanya mzee achukue kofia. Wewe Papa ulitukanwa mara mbili, ukajibu merci mara mbili. Kwa nini hukuondoka? Kwa sababu nilikupa kitu cha kujibia."

"Kiti ni changu," akasema Ambakisye. "Hawa ndugu wana digrii, siwaonei wivu. Lakini kazi ya mkalimani si watu waelewane? Hapa walielewana lini? Kabla ya nyoka au baada ya nyoka?"

"Wewe barua za Kifaransa utazisoma na nani?" akauliza Sekela.

"Nitajifunza. Nilifeli mara moja tu."

"Nyoka hakuwepo. Wewe nawe ulidanganya."

"Nilidanganya kwa Kiswahili. Kila mtu alielewa."

Papa Nkulu akajifuta mdomo. "Miye nilikula chakula ya wagonjwa," akasema. "Mugonjwa hahukumu. Muamue ninyi."

Mzee Mwaijande akasema kiti ni cha Sekela, maana afadhali kutukanwa kwa usahihi kuliko kusifiwa kwa uongo. Shangazi Subilaga akasema kiti ni cha Mwombeki, maana alimwombea mgeni afya wakati yeye shangazi anamtakia mengine. Tupokigwe akatoka jikoni, macho mekundu, akasema wasimsahau binamu yake, kwa sababu wale wawili walikuwa wanaitafsiri harusi yake hadi inakufa.

Wakabishana hadi chai ikaisha. Chai ya shamba la mama yake Sekela.

Kiti cha Tunduma bado kitupu, na barua zinazidi kurundikana juu yake. Sasa ninyi mnaosikiliza, wenye digrii na mliofeli mwaka wa pili: aliyesema kweli, aliyeipaka kweli asali, na aliyeleta nyoka asiyekuwepo. Je, nani alistahili kukikalia?