Chapa Moja ya Kifo

Hadithi inakuja! Semeni, "Ije, tupo!" Mbona mnanong'ona kama wezi? Semeni! Haya.

Zamani, zamani hasa, kabla babu wa babu yenu hajaota jino, palikuwa na mfalme, jina lake Shebwana. Akaumwa. Akaumwa, akaumwa, waganga wakaja, waganga wakaondoka. Alipoona safari imewadia, akatoa amri: "Mfalme haendi kaburini peke yake. Somoe anayenipepea, nitazikwa naye." Azikwe mzima, jamani! Binti wa watu, hata kuolewa bado.

Dada yake Somoe aliitwa Mwanashungi, fundi wa kupiga chapa nguo. Anachonga kibao cha mti, anakipaka rangi, anakigandamiza nguoni: pa! Ua limetoka. Pa! La pili hilo. Mfalme akamwita.

"Nipigie chapa nguo ya kufunika jeneza langu. Nataka nionekane nimekaa kitini, Kifo amenishikia viatu, Somoe yuko nyuma ananipepea. Watu waone, wazoee."

Mwanashungi akalia njia nzima. Alipofika kwake akafuta machozi, akashika patasi. Akachonga, akachonga, akachonga.

Siku ya siku nguo ikatandazwa uani kwa mfalme, mji mzima umejaa, naye mfalme kaletwa na kitanda chake, Somoe anampepea. Lo! Watu wamepangwa mstari: mfalme, waziri, muuza uji, askari, mtoto mchanga. Na kando ya kila mmoja yupo Kifo, mifupa mitupu, meno nje, amemshika mkono.

"Huyu Kifo wangu mbona mdogo?" mfalme akafoka. "Mkuze!"

"Hakui, bwana wangu. Nimechonga chapa moja tu. Aliyekushika wewe ndiye aliyemshika muuza uji."

"Na Somoe yuko wapi humu nguoni?"

"Yule kule mwisho."

"Yule kikongwe mwenye mkongojo?"

"Ndiye. Kila mtu na siku yake, na ya Somoe si ya leo."

Muuza uji akaangua kicheko. "Jamani, mimi na mfalme mwenzetu mmoja!"

"Mkamateni huyu mwanamke!" mfalme akapiga kelele. Askari wapi! Wamechuchumaa wote kwenye nguo, kila mmoja anajitafuta. Mnacheka? Hata mimi nacheka.

Hapo mfalme akanywea. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwanashungi, naogopa kwenda peke yangu."

"Najua, baba. Sote tunaogopa. Lakini ukimzika Somoe utaogopa vilevile, na yeye atakuwa amekufa bure."

Mfalme akaitazama tena nguo. Hata wewe unayejikuna huko nyuma, ungetulia. Kisha akageuza shingo. "Somoe, weka chini hilo pepeo. Nenda kwenu, mama."

Weee! Vigelegele vilivyopigwa siku hiyo! Mwanashungi akambeba mdogo wake mgongoni, wakapita mitaa yote, watu nyuma yao wakiimba, "Kifo, subiri zamu! Kifo, subiri zamu!" Na mfalme mwenyewe, kitandani pake, akasikika akiitikia.

Basi wanangu, kufa tutakufa, hilo halina mkubwa wala mdogo. Lakini asije mtu, hata awe nani, akakuvuta kaburini mwake kabla ya siku yako.

Hadithi yangu imetua hapa. Ikiwanogea, ibebeni. Isipowanogea, nirudishieni niitie chumvi.