Mtamba wa Mzee Senzia

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema, ni hizi za juzi za simu kusema, palikuwa na fundi seremala mstaafu katika milima ya Upare, jina lake Mzee Senzia. Mikono mizima, miguu mizima, ila kichwa kilivuja. Alitafuta miwani huku ameivaa. Alikwenda msibani, akamkumbatia mfiwa, akasema, "Hongera sana!"

"Ndugu zangu," aliwaambia waliomcheka, "hiki si kichwa, ni chungio."

Alicheka nao, lakini moyoni aliogopa, maana asubuhi moja lilimpotea jina la Nakundwa, mkewe tangu ujana. Akatangaza mbele ya majirani: "Atakayenirudishia kumbukumbu, nampa mtamba wangu mwekundu." Ng'ombe mwingine hakuwa naye.

Mjini alikuwepo mtafiti, Daktari Kokushubira, aliyewavisha wazee kofia ya nyaya ipitishayo umeme mdogo kichwani, usiouma, huku wakikariri maneno. Mzee Senzia akaenda, akavishwa, akarudi kifua mbele.

"Radi ikipiga msinikaribie. Mimi sasa ni transfoma!"

Jirani mmoja akamletea simu aichaji.

Daktari alitaka mazoezi yaendelee na nyumbani. Basi mjukuu wa mzee, Eliaichi, mwalimu wa chekechea, akamshika kila jioni. "Babu, fumba macho. Ingia nyumbani kwako kwa akili. Kila kitu kiweke mahali pake, kisha pita ukikiokota." Akamwimbisha na nyimbo za watoto, akaimba, mzee aliyewahi kuezeka kanisa!

Naye Bi Nakundwa, aliyezoea kumjibia kila kitu, akaacha.

"Mama, msumeno uko wapi?"

"Uko kichwani mwako. Utafute. Na nakwambia mara moja tu: asali nimeihamishia nyuma ya pipa la unga. Sirudii."

Mzee alinuna. Akatunga jibu kali, na kabla ya kulitoa akalisahau.

Bi Nakundwa alikuwa na kisukari, akijidunga sindano. Siku moja alijidunga, wageni wakaja, akawahudumia, mwenyewe asile. Walipoondoka akaanza kutetemeka, jasho likamtoka, akaketi sakafuni, ulimi mzito. Nyumbani alikuwapo mumewe tu.

Mzee alijua sukari imemshuka, na dawa ni kitu kitamu, upesi. Asali! Lakini iko wapi? Akafumba macho, akaingia nyumbani kwa akili: mlango, kinu, meko, pipa... Akafumbua, akakimbia, akaitoa chupa, akamlambisha kidogo kidogo.

"Nakundwa! Nakundwa wangu!"

Hatimaye mkewe akafungua kinywa. "Umenimwagia shingoni, mzee wewe."

Mzee akalia kama mtoto.

Jumapili majirani wakakusanyika kushuhudia ahadi ikitimizwa. Mtamba akaletwa. Daktari, aliyekuja kutoka mjini, akasimama wa kwanza.

"Mzee wangu, utafiti umekwisha, niseme kweli. Kofia yako haikuwa na umeme. Wengine tuliwawashia, wengine hatukuwawashia, ili tulinganishe. Tulikueleza siku ya kwanza, ukakubali."

"Nilisahau," akasema Mzee Senzia.

Watu wakaanguka kwa kicheko.

"Hata hivyo," daktari akaendelea, "bila kofia usingeamini, na bila kuamini usingejifunza. Mtamba aende wodi ya wazee, akizaa wapate maziwa."

Eliaichi akasema, "Babu, imani haikukuonyesha pipa. Njia uliyopita kwa akili nilikufundisha mimi, jioni baada ya jioni, nimechoka na kelele za watoto."

Bi Nakundwa akajifunga kanga vizuri. "Njia bila kitu cha kuokota ni matembezi tu. Asali niliiweka mimi. Mimi ndiye niliyekataa kukujibia, nikavumilia kununiwa. Unadhani ilikuwa rahisi kukutazama ukihangaika nami jibu ninalo?"

Mzee Senzia akashika kamba, akamtazama daktari, akamtazama mjukuu, akamtazama mkewe. Kila aliyesema alimwona ana haki, mpaka aliposema mwingine.

"Mwenye akili," akanong'ona, "angeahidi kuku watatu."

Mtamba hagawanyiki, na ahadi aliitoa mbele za watu. Mzee bado kasimama na kamba mkononi. Haya, mliosikia, msaidieni: aliyemtia imani, aliyemfundisha njia, na aliyemnyima jibu, je, nani alistahili?