Chupa Chini ya Mchicha

Akina mama wenzangu, hebu nisikilizeni. Palikuwa na nesi mmoja aliyekuwa akipita mtaani na beseni la mchicha.

Hakuwa muuza mboga. Alisomea uuguzi, akafanya kazi wodini miaka miwili, na huko akaona wagonjwa wasioweza kupona wakirudishwa nyumbani kwenda kuumia peke yao. Akaamua kazi yake iwe hiyo, kuwafuata huko huko, awasafishe vidonda na kuwapa dawa ya maumivu.

Mgonjwa wake mmoja alikuwa mama mwenye saratani ya titi. Siku ya kwanza mama yule alifungua mlango nusu, akaitazama ile sare nyeupe.

"Mwanangu, naona una moyo mzuri. Lakini ukija tena hivyo, sifungui."

"Kwa nini, mama?"

"Mtaa huu kulikuwa na mwenzangu aliyeumwa kama mimi. Walisema karogwa, walisema mhuni. Kuna mgeni aliyepewa maji nyumbani kwa huyo mwenzangu akayamwaga pale pale kizingitini, mwenyewe akitazama, nami nikiona. Mimi nimewaambia nina vidonda vya tumbo. Usimwambie mtu. Niache nife na vidonda vya tumbo."

Nesi akaahidi. Tangu siku hiyo alifunga khanga juu ya sare, akajitwika beseni. Juu mchicha, chini bandeji na chupa ndogo ya dawa ya maji, ya kutosha siku tatu. Manesi wenzake walimcheka: "Kumbe miaka yote ile darasani ulikuwa unasomea mchicha!" Naye akacheka nao. Mtaa ukamzoea. Mchicha wake ukasifiwa.

Mgonjwa alipozidiwa, jirani mmoja alihamia pale kumsaidia. Msimdharau jirani huyu. Alifagia, alifua, alikoroga uji. Hata simu ya mgonjwa aliizima, asisumbuliwe. Kisha akaketi mlangoni na ungo wake akichagua mchele. Nesi akafika.

"Leo hatununui, mdogo wangu. Mwenyewe kalala."

"Nina neno naye kidogo tu, dada."

"Neno gani la mchicha lisiloweza kungoja? Mwache mtu apumzike, jamani!"

Wewe ungefanyaje? Neno "mimi ni nesi" lilimfika ulimini. Ahadi ikalirudisha. Akaenda pembeni, akapiga simu, imezimwa. Kesho yake akaja tena, akarudishwa kwa upole ule ule. Siku ya tatu jirani akamwonea huruma. "Haya, ngoja nikuungishe, usirudi bure." Akatia mkono kwenye beseni, akachagua mafungu mawili. Vidole vyake vilipita kando kabisa ya ile chupa.

Ndani, mgonjwa aliuliza kwa sauti iliyokwisha, "Muuza mchicha hajapita?"

"Mboga ya nini, shoga yangu, na hata uji haushuki? Tulia, niko hapa."

Mgonjwa alivuta pindo la khanga, akaliuma. Jirani akiwa uani anachambua ule mchicha, mama akafa. Waliomwosha waliliona titi. Waliona na pindo la khanga, limeliwa na meno mpaka limebaki nyuzi.

Msibani nesi alikuja na sare yake. Jirani alipomtambua alimshika mabega, analia.

"Kwa nini hukuniambia? Ningekubeba mgongoni nikuingize!"

"Najua, dada. Ila mama alinikataza, na aliyemtaja wa kwanza ni wewe. Alisema ni wewe uliyemwaga yale maji."

Sasa turudi kwetu sisi.

Yule jirani hakuwa mnafiki. Tangu siku ya yale maji moyo wake ulikuwa umebadilika, na uji aliokoroga ulikuwa uji wa upendo. Lakini nani alijua? Alimwaga maji mbele za watu, akajutia kimya kimya chumbani kwake. Mgonjwa alibaki na alichokiona.

Na sisi je? Hatujacheka? Hatujaziba pua mlangoni kwa mtu? Hatujasema neno bombani, tukalisahau kabla ndoo haijajaa? Tulishasahau. Mwenzetu hakusahau. Leo anaumwa ukuta wa pili, na sisi ndio tunampelekea chakula, na sisi ndio anaotuficha. Mikono yetu anaipokea. Midomo yetu anaiogopa. Tukiketi mlangoni kwake, hata kwa wema, dawa haitapita.

Kutubu tumetubu, Mungu anajua. Lakini yule mwenye maji hajui. Basi wiki hii, kila mmoja wetu aikumbuke nyumba aliyoikosea. Aende, abishe hodi, aketi, aseme, "Siku ile nilikukosea." Kisha aombe maji, ayanywe mpaka tone la mwisho, mwenyewe akimtazama.